Mizunguko Mitatu na Nusu

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la michezo
nimeandika, kwa mwandiko wa kujipendekeza:
"Lengo langu ni kuwa na mwili imara."
Chini yake, wino mwekundu wa Mwalimu Nammala:
Imara kama nini? Mpaka lini?
Tutajuaje kwamba umefika?

Ilikuwa Julai. Newala ina ile baridi yake
inayopanda kutoka Shimo la Mungu bila kubisha hodi.
Mikorosho imechanua, vumbi la salfa
limeganda kwenye nyusi za kila mwenye shamba,
na sisi, Kidato cha Pili B, tumekaa kwenye nyasi
tunatafuna kalamu kana kwamba ni mtihani wa hesabu.

Na kweli ulikuwa wa hesabu.
Kwanza alitupima, mmoja mmoja,
saa yetu ikiwa simu yake yenye kioo kilichopasuka.
Mzunguko mmoja na robo, nikashika kiuno.
"Hapo ndipo nyumbani kwako," akasema.
"Safari yako haianzii kwa jirani."

Jirani alikuwa Sofina Chilindima.
Sofina aliandika: ifikapo Ijumaa, mizunguko kumi.
Ijumaa hiyo tulimbeba, huyu miguu, huyu kwapani,
hadi kwenye ndoo, tukamlowesha kwa kiganja,
maana maji ya Newala
hayamwagwi ovyo juu ya kichwa cha mtu.

Lipende, mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa,
aliuliza kama aandike "nimesamehewa",
neno alilozoea kuandikiwa shule ya msingi.
Mwalimu akamletea mawe mawili ya mpaka wa bustani,
chokaa bado inabanduka.
"Unayanyanyua mara ngapi leo?"
"Sita."
"Basi anzia sita. Lengo si sare ya shule,
fundi mmoja, kipimo kimoja, wote tuvae."

Langu nililiandika upya:
Nitazunguka uwanja mara nne bila kutembea
kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.
Alicheka hadi filimbi ikamdondoka mdomoni,
akaweka vema.
Siku hiyo, alisema, hakuna mtu Newala atakayeisahau.

Wiki ya kwanza niliongeza robo.
Ya pili, robo tena.
Ya tatu nililipita goli la kusini mara mbili
nikaona fahari ndogo, ya kufichwa,
kama noti iliyokunjwa ndani ya soksi.
Ya tano, homa.
Ya sita mama alihitaji mikono shambani,
kufyeka chini ya mikorosho kabla haijaanza kudondosha.
Niliporudi: mmoja na nusu, mate mazito kama uji.
Nilitaka kuichana karatasi.

Mwalimu hakunipa pole wala fimbo.
"Andika na hiyo," alisema. "Tarehe, na namba.
Daftari linalokusifia
halina la kukufundisha."

Siku ya mnada mji mzima ulikuwa ghalani.
Uwanjani, mbuzi wawili wa mlinzi, na mimi.
Mzunguko wa pili ulinipenda.
Wa tatu, pumzi ilikwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi.
Wa nne, nusu yake, pale kwenye kichuguu,
miguu iligoma.
Nikatembea.

Hakuna aliyeona.
Kalamu ilikuwa yangu, ukurasa ulikuwa wangu,
na nne ni namba rahisi,
mikwaruzo miwili mitatu imekwisha.
Mbuzi mmoja aliinua kichwa, akaendelea kula.
Niliandika tatu na nusu.

Jumatatu daftari lilirudi.
Hapakuwa na "hongera", hapakuwa na "jitahidi".
Wino mwekundu ulikuwa umeuliza tu:
Nusu iliyobaki, lini?

Nikaandika: kabla mabibo ya mwisho hayajaoza.
Harufu yake
ilikwisha kuingia darasani.